Kiema Anaomba Muda

Taa ya rauta ilikuwa inapepesa, na mle nyumbani hakuna aliyekuwa akitumia mtandao. Mbithe aliketi kwenye kochi akaitazama, viatu bado miguuni, maana tangu alfajiri alikuwa amesimama akipiga pasi shuka za hoteli na sasa hata kuinama kufungua kamba ilikuwa kazi. Simu ya Mutindi ilikuwa mezani, imezimwa. Tableti ya Kalunde ilikuwa juu yake. Simu yake mwenyewe ilikuwa mkononi, na waifai alikuwa ameizima. Lakini ile taa ndogo ya kijani juu ya kabati la vyombo ilizidi kupepesa, kama jicho la mtoto anayejifanya amelala.

Mambo yalianzia shuleni. Mwalimu wa Kalunde alikuwa amempigia simu kumwambia kwamba mtoto wa miaka tisa anasinzia darasani kama mlinzi wa zamu. Mutindi naye, mwenye miaka kumi na minne, alikuwa ameleta ripoti ambayo hata yeye aliona aibu kuikabidhi. Baba yao, Munyao, ni dereva wa lori za masafa marefu, na ushauri wake aliutoa akiwa Malaba kwenye foleni ya mpakani. "Wanyang'anye hizo vitu," alisema, kisha akarudi kulala kwenye kebini. Ni rahisi sana kulea watoto ukiwa Malaba.

Aliyemsaidia hasa ni Pili, mwenzake wa dobi pale hotelini, mwenyeji wa mtaa wa Mjini aliyezaliwa na kukulia nyuma ya msikiti. Pili alikuwa na watoto watano na hakuwahi kuonekana akikimbizana na hata mmoja.

"Mwenzangu, ukimpokonya simu utagombana naye kila siku ya Mungu," Pili alimwambia huku wakikunja shuka, kila mmoja ameshika ncha zake. "Mpangie saa kwenye rauta. Saa ikifika, inakata yenyewe. Akilia, mwambie ni mtambo, si wewe."

Akamwonyesha. Ilikuwa programu ya kuwekwa kwenye simu ya mzazi. Ndani yake mlikuwa na kapu moja la saa za watoto, na mama ndiye mgawaji: saa zikishagawiwa, ukimwongezea mmoja, unampunguzia mwingine. Kila kifaa kilipewa jina la mtoto, na kila jina likapewa saa zake. Mutindi, saa kumi hadi kumi na mbili jioni. Kalunde vivyo hivyo. Mtoto akitaka zaidi, anabonyeza kwake na ombi linaingia kwa mama: Kalunde anaomba muda zaidi. Kubali, au Kataa. Maneno yalikuwa ya Kiswahili kwa sababu Kalunde aliwahi kuichezea simu hiyo na hakuna aliyejua kuirudisha ilivyokuwa.

Jioni hiyo ya kwanza, basi, Mbithe aliifungua ile programu aone ni nani anayemchezea shere. Akakuta vifaa vyake vitatu, na chini yake cha nne. Hakikuwa na jina. Kiliandikwa tu kwamba hakijulikani.

Alidhani ni jirani. Mtaani kwao Katoloni kuna vijana wanaoweza kuiba waifai ya mtu mchana kweupe na bado wamsalimie. Akabadilisha paswadi. Kile kifaa kikabaki. Akabadilisha tena, akaweka paswadi ndefu ambayo hata yeye mwenyewe hakuikumbuka vizuri, na bado kikabaki palepale, kimetulia, kinatumia. Akaona njia moja tu iliyobaki ni kukipangia saa kisha akikatie kabisa, na programu ikamwambia kwamba kwanza lazima akipe jina. Kisanduku kikafunguka. Andika jina la mtoto.

Hapa ndipo mkono wake ulipomponza. Kati ya Mutindi na Kalunde kulikuwa na mtoto mwingine, wa kiume, aliyeishi siku mbili. Kwa Wakamba wa zamani mtoto hapewi jina siku anayozaliwa. Hungojewa hadi siku ya tatu, na mpaka hapo huitwa kiimu, kitu cha mizimu bado, mgeni ambaye hajaamua kukaa. Huyu hakungoja. Walimzika Kathiani, kando ya migomba ya mama mkwe, bila jina, lakini jina lenyewe lilikuwa tayari, la babu yake, baba mzazi wa Munyao, na Mbithe alikuwa amelishikilia mdomoni miezi tisa. Tangu siku hiyo, kila alipojaza karatasi ya hospitali au ya shule na kufika pale panapouliza majina ya watoto, jina hilo lilimjia kabla ya mengine, naye alilimeza. Jioni hiyo alikuwa amechoka mno, na safari hii hakulimeza. Vidole viliandika Kiema.

Alilitazama. Alipaswa kulifuta. Badala yake akaingia kwenye saa ili amkatie, na mkono ukampa mbili kama wenzake, maana hakuwa na mazoea ya kumnyima mmoja. Kisha akalala kwenye kochi na viatu vyake.

Kesho yake alirudi saa kumi kasoro. Wasichana walikuwa sakafuni na vitabu, wakingoja mtandao ufunguke. Ulipofunguka tu, Mbithe alinusa kitu. Ilikuwa harufu ya maziwa ya mama yaliyokaukia kwenye blauzi, harufu anayoijua kila aliyewahi kunyonyesha, na ambayo haiwezi kuwa ya kitu kingine. Akainusa nguo yake. Ilinuka sabuni ya hoteli.

"Mum," alisema Mutindi bila kuinua macho, "ni nani anaangalia video za watoto wadogo? Sauti iko kwa ukuta."

"Sauti gani?"

"Hiyo ya makofi. Skiza."

Mbithe alisikiliza. Nyuma ya kochi, pale ambapo hata ufagio haupiti vizuri, kulikuwa na makofi madogo, laini, ya viganja visivyo na mfupa mgumu, na kati ya makofi na makofi palikuwa na sauti ya kunyonya. Alisema ni panya. Mutindi akamtazama, na kwa mara ya kwanza mwezi mzima hakumbishia mama yake, jambo ambalo lilimtisha Mbithe kuliko makofi yenyewe.

Saa kumi na mbili mtandao ukakatika. Kalunde alinung'unika, Mutindi akasonya, na nyuma ya kochi kukatokea kilio.

Hakikuwa kilio cha kutisha. Kilikuwa kile chembamba, cha kukatikakatika, cha mtoto ambaye mapafu yake hayajajifunza kazi. Mbithe alikuwa amekisikia siku mbili tu maishani mwake na angekitambua katikati ya soko la Kangundo. Wasichana walisogea wakashikana. Simu ikatetemeka mkononi mwake: Kiema anaomba muda zaidi. Akabonyeza Kubali. Kilio kikanyamaza katikati ya pumzi.

Mtoto akililia wembe mpe, ndivyo wahenga walivyosema, na walikuwa na maana yao, kwamba akijikata atakoma. Hawakusema lolote juu ya mtoto ambaye akipewa wembe hukata wengine.

Siku zilizofuata ombi liliingia kila jioni, na kila jioni Mbithe alikubali. Kwa haki ya Mungu hakuna mama atakayemlaumu. Mtu aliyepiga pasi kutwa anataka kimya, na kimya kilikuwa kidole kimoja tu mbali naye. Alikuwa akiogopa, ndiyo, lakini uchovu nao una ubishi wake, na mara nyingi ulishinda. Na zaidi ya hayo, ndani kabisa, mahali asipotaka kupaangalia, alikuwa akifurahi kuombwa.

Kalunde ndiye aliyeanza kulala. Mwanzoni alisinzia jua likizama. Kisha mchana. Kisha mwalimu akamleta nyumbani kwa bodaboda, amemkumbatia katikati kama gunia la maharagwe. Hospitali walimpima malaria, wakapima damu, wakapima minyoo, wakasema hana kitu, apewe matunda. Mbithe alimpa maembe na machungwa na akamfuta mate mtoto aliyekuwa akitafuna huku amefumba macho.

Jioni moja walikuwa mezani, muthokoi wa mahindi na maharagwe kwenye sahani, na Kalunde alikuwa macho kwa kipindi chake kifupi, akicheka kitu kwenye tableti iliyoegemezwa kwenye jagi. Tableti ikakatika. Kijiko cha Kalunde kikaanguka wakati uleule, kichwa kikafuata, na mkono wa Mbithe ulikiwahi kabla hakijagonga meza. Akafungua ile programu kwa mkono mwingine. Kwenye kapu, Mutindi alikuwa na saa zake mbili kama kawaida. Kiema alikuwa na nyingi. Kalunde alikuwa amebakiwa na nusu saa, na ni nusu saa hiyo ndiyo aliyokuwa ameitumia kucheka.

Basi Mbithe alifanya kile ambacho mtu yeyote angefanya, akajaribu kumrudishia Kalunde saa zake, na kilio kikaanza nyuma ya kochi kikubwa kuliko siku zote, kikapanda ukutani, kikaingia darini, na alipokuwa bado anahangaika na vile vidude vya kuongeza na kupunguza akasikia kwamba vilio vimekuwa viwili, kwamba Kalunde mwenyewe, amelala mapajani mwake macho yamefungwa, anatoa sauti ileile nyembamba ya mtoto wa siku mbili, na hapo akasahau programu, akaruka hadi kabatini akaichomoa rauta kwenye umeme kwa nguvu hata waya ukamchapa usoni, na rauta ikiwa mkononi mwake, haina waya, haina umeme, taa yake ya kijani ikaendelea kupepesa, taratibu, taratibu zaidi, na Mutindi nyuma yake akasema kwa sauti ambayo haikuwa hata sauti, "Mum, Kalunde hapumui."

Akairudisha kwenye umeme. Kifua cha Kalunde kikainuka.

Pili aliposimuliwa, aliweka pasi chini, na hilo halikuwa jambo dogo, kwa kuwa Pili haweki pasi chini hata akiitwa na meneja.

"Hilo ni jini, Mbithe," alisema polepole, akiangalia mlangoni. "Sikwambii ni mwanao. Kuna vitu vinakaa nje ya nyumba za watu vikingoja kuitwa. Ukiita, mwenye jina asipoitika, anaitika mwingine."

"Si kuna kusomewa?"

"Jini mkubwa atasomewa, atatoka, ana haya zake. Jini mtoto hana haya. Anataka kubebwa tu. Muulize mama mkwe wako. Jina ni la kwao."

Kaluki, mama mkwe, alifika kutoka Kathiani na kibuyu cha maziwa ndani ya mkoba, na rozari ndani ya kibuyu kingine kitupu, maana alikuwa mwanamke wa kujiandaa kwa pande zote mbili. Alimtazama Kalunde kwa muda. Hakumgusa. Kisha akanusa hewa ya sebuleni, akakaa chini kwenye mkeka, mbali na kochi.

"Mama Mutindi," alisema, "nani aliita jina ya mzee hapa?"

"Ni mimi, mwaitu," alijibu Mbithe, akimwita mama kwa Kikamba. "Sikuita. Niliandika."

"Kuandika ni kuita na mkono." Kaluki alikuna kifundo cha mguu. "Yule mtoto hatukumpa jina ndio arudi kwao vizuri. Jina ni kamba. Wewe umerusha kamba gizani, na kitu imeshika."

"Si yeye?"

"Mimi sijui kama ni yeye," alisema mama mkwe. "Na wewe pia hujui. Hiyo ndiyo mbaya."

Alasiri ile walijaribu. Kaluki alimwaga maziwa kwenye kizingiti, akasali Salamu Maria, akamwita marehemu mume wake kwa Kikamba na kumwomba achukue jina lake ampe anayestahili, na kumwonya, kwa sauti ya mke aliyeishi naye miaka mingi, kwamba asijifanye hajasikia. Kazi ya Mbithe ilikuwa moja. Kwenye ile programu kulikuwa na kitufe cha kuondoa kifaa, na kitufe chenyewe kiliandikwa Sahau. Alipokibonyeza, simu ikamuuliza kama ana uhakika. Nyuma ya kochi hakukuwa na kilio. Kulikuwa na makofi yale madogo, mara moja, mara mbili, kama ya mtoto anayemwona mama yake akiingia mlangoni. Machozi yalimtoka. Akabonyeza Ndiyo.

Taa ikazimika. Kalunde akaamka, akasema ana njaa, akala sahani mbili za muthokoi na kuomba chai. Mutindi alicheka hadi akalia. Kaluki akalala mapema, ameridhika, na Mbithe akalala karibu na bintiye, mkono wake juu ya kifua chake, akihesabu pumzi hadi usingizi ulipomwiba.

Asubuhi Kalunde hakuamka. Taa ilikuwa inapepesa, na kwenye programu jina lilikuwa limerudi, Kiema, na herufi kubwa mwanzoni, vilevile alivyoliandika.

"Umemwita tena," alisema Kaluki.

"Sikufungua mdomo, mwaitu. Naapa."

"Si kwa mdomo."

Mbithe alikuwa ameota amembeba yule mtoto. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na hakuna kitufe kinachoweza kumsahaulisha mama kwa sababu tu kimeandikwa hivyo. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda akamtazama Kalunde, ambaye mashavu yake yalikuwa yameingia ndani na ambaye mikono yake, aliona sasa, ilikuwa imekunjwa kifuani kama iliyobeba kitu.

Mama mkwe aliiona pia. "Mtoto akipewa jina lazima alelewe," alisema kwa upole. "Hakuna njia ya katikati. Kitu ya kuuliza ni nani anamlea. Saa hii ni huyu mdogo. Umemfanya yaya."

Neno hilo lilimwingia Mbithe kuliko yote. Yeye mwenyewe alikuwa mlezi wa wadogo zake akiwa na miaka tisa, mtoto mgongoni kutwa, na alijua jinsi mgongo mdogo unavyochoka na usiseme. Akachukua simu. Akaingiza simu yake mwenyewe kwenye kapu la watoto, akaandika jina lake, Mbithe, akajipa saa. Kisha akamrudishia Kalunde saa zote ambazo Kiema alikuwa amezila, na za Kiema akazikata kwenye zake mwenyewe, moja moja. Nyuma ya kochi palikuwa kimya, kimya cha kitu kinachofikiria.

"Nichukue mimi," alisema. "Huyu mwache acheze."

Kalunde akafumbua macho na kuuliza kama amechelewa shule.

Siku hizi Mbithe hutoka hotelini mapema, Pili akimshikia zamu. Saa kumi ikikaribia, hujilaza kwenye kochi, akavua viatu, na saa kumi ikigonga huzimika. Wasichana wameshajifunza kutomgusa. Huamka saa kumi na mbili, mikono imekufa ganzi kama iliyobeba, blauzi imelowa upande wa kushoto. Kalunde amenona. Mutindi amepanda nafasi darasani, na ndiye anayepika.

Munyao alirudi kutoka safari akashangaa. "Nyumba imetulia," alisema, akiipigapiga rauta mgongoni. "Hii kitu imefanya kazi. Lakini wewe unakaa umechoka."

"Nimechoka tu kidogo."

"Basi pumzika, mama."

Mbithe alicheka. Keshoye Munyao akaondoka tena kuelekea Malaba.

Jioni moja wiki hii aliamka kama kawaida. Jikoni Mutindi alikuwa akisonga ugali, na Kalunde alikuwa akimsomea dada yake hadithi ya shule kwa sauti ya kujigamba. Mbithe alilala hapo akiwasikiliza, miguu ikimuuma, akifikiri kwamba labda leo atawasaidia kupakua, atakaa nao, atauliza habari za mtihani. Simu ikatetemeka.

Kiema anaomba muda zaidi.

Alitazama kwenye kapu saa zake za kuwa macho zilizobaki. Hazikuwa nyingi. Akapeleka kidole kwenye Kataa, na nyuma ya kochi akasikia ile pumzi ndefu anayoivuta mtoto kabla ya kuangua kilio. Wasichana wana mtihani kesho. Kilio kile kingewafanya wasisome, kingemtisha Kalunde, kingeanza upya yote.

"Saa moja tu," alimnong'oneza. "Halafu ulale."

Akabonyeza Kubali. Alimsikia Kalunde akiita kutoka jikoni, "Mum, chakula iko tayari," na alikusudia kumwitikia.